Tawi la Lachlan Fraser

Ilikuwa mwaka 1893, mwishoni mwa mavuno, baridi ilipoanza kuuma katika nyanda za juu za Uskoti. Lachlan Fraser alikuwa mgonjwa kitandani kwa miezi miwili sasa, na alitaka jambo moja tu: azikwe ndani ya ukuta wa kanisa la zamani, pamoja na akina Fraser wenzake. Torquil Fraser, mlinzi wa makaburi hayo, alikataa.

"Alihamia huku akiwa mtu mzima," alimwambia Marsali, mke wa Lachlan. "Nitajie baba zake saba, bibi, nijue ni wa tawi gani. Humu hatuzikani kwa kubahatisha."

Tangu hapo Marsali hakutulia. Alioka mkate akausahau motoni. Aliketi kusokota sufu, akainuka kabla uzi haujafika shibiri. Siku ya tatu alivuka kilima kwenda kwa mzee Fearchar, mshonaji aliyehifadhi kichwani nasaba za bonde zima.

Fearchar alihesabu kwa vidole. "Lachlan wa Iain, wa Alasdair, wa Donald, wa Iain Mwekundu, wa Uilleam." Akaishia kidole cha tano.

"Bado wawili, mzee."

"Wawili hao walikuwa akina Bisset, binti yangu. Uilleam ndiye aliyebadili, mwaka wa njaa. Mkuu wa akina Fraser alihitaji watu, basi kila aliyekubali kuitwa Fraser alipewa gunia la unga wa shayiri. La Uilleam lilitoka ghalani kwa babu zake Torquil."

Marsali aliinuka, akaketi, akainuka tena. "Nitungie wawili."

"Naweza. Nimewahi kushona suruali mbovu kuliko uongo huo. Ila usiseme umeutoa kwangu."

Njia nzima aliyakariri majina yale mawili ya kutungwa. Mbele ya kitanda cha mumewe hayakutoka. Akamweleza yote.

Lachlan alicheka hadi kikohozi kikamkaba. "Kumbe miaka yote hii navimba kichwa kwa uji wa Torquil."

"Usinichekeshe. Nikuzike wapi?"

"Nje ya ukuta, uandike Bisset. Na unga wao uwarudishie. Sitaki kulala huku nadaiwa na jirani."

"Hiyo ni nusu ya akiba yetu ya baridi, Lachlan."

"Basi amua wewe. Mlaji ni wewe."

Usiku kucha Marsali alikwenda ghalani na kurudi, akilipapasa gunia kama mtu anayempima mtoto homa. Kulipopambazuka alilipakia juu ya farasi.

Torquil alimkuta mlangoni kwake. "Ni nini hiki?"

"Unga aliopewa Uilleam Bisset."

"Ni nani aliyekudai?"

"Hakuna. Ndiyo maana tumechelewa."

Torquil alijikuna shingo, akatazama kando. "Shemeji, siku yake ikifika mlete tu ndani ya ukuta. Nafasi ipo."

"Lete pishi yako," alisema Marsali.

Alifungua gunia, akampimia pishi baada ya pishi, hadi ya mwisho.