Msalaba kwenye Tawi la Thelma

Hapa kwetu Ballarat, Australia, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nyumba yangu hujaa watu waliojitungia lugha. Wanakuja na keki, madaftari na umbea. Ukutani pangu kuna mti wa ukoo wa lugha alioutunga mwenzetu Mervyn Pascoe: juu kabisa Kitavari, lugha mzazi, na chini yake mabinti wawili. Kipwani ni chake mwenyewe. Kimilima alimwachia mkewe Thelma akikuze apendavyo, na Thelma kakikuza miaka thelathini. Wakigombana jikoni kwangu, kila mmoja anatukana kwa chake, na sisi huku tunakisia nani kashinda.

Mwaka huu Thelma alianza kusahau. Kwanza majina yetu, halafu choo kiko wapi. Mervyn akashikilia kwamba Kimilima hakijaguswa. Tuna mchezo wetu wa kupokezana: unapewa karatasi ya aliyekutangulia, unaitafsiri kwa lugha yako, unaisukuma mbele. Mervyn akaniomba Thelma akae baada yake.

"Mpe kalamu tu, Glenys, utaona. Hicho hawezi kukipoteza."

Karatasi yenyewe ilikuwa kisa cha mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Thelma aliandika muda mrefu, kainama kama mtoto wa shule. Wengine wanataniana, Mervyn chai hakuigusa.

Alipomaliza, Mervyn akasoma, kisha akanisogezea karatasi. Thelma alikuwa amenakili Kipwani cha mumewe kama kilivyo, hata neno alilolikata Mervyn, pamoja na mstari wa kulikata.

Gavin, mmoja wa wageni wangu aliyekuwa akingoja zamu yake, akasema mama kachoka tu, ajaribu mwezi ujao.

Mervyn akaomba kalamu nyekundu. Lugha ikikosa msemaji, kwenye mti wa mwenyewe huwa tunaichorea msalaba mdogo, na siku zote ni kicheko na bia. Nikamwambia aache, kwani yeye mwenyewe si anakielewa Kimilima?

"Kukielewa nakielewa. Wa kukisema alikuwa yeye."

Akauchora, taratibu. Thelma akawa anamtazama kwa huruma, kama mtu aliyepita msibani kwa watu asiowajua. Akaniinamia.

"Nani kafa?"

Nikamwambia, bibi mmoja wa milimani.

"Masikini. Na huyu bwana ni nani wake?"