Mdomo wa Alphonse

Kwetu Nundu, ukitaka kuoa, ulimuita Alphonse akusemee kwa bakwe. Alijua kuanza na baba, babu, ukoo, bajomba, mpaka bazee basinzie na mahari ipunguzwe. Sawa, kwenye harusi. Lakini ile siku ya vita, tukikimbia na miguu kutafuta mtumbwi kule Baraka, basoda, ndio askari, balifunga barabara na kamba karibu na Mboko.

Bibi yake Dorothée, mutoto Vanessa mugongoni, alimubembeleza: "Papa Vanessa, bakikuuliza, sema Baraka. Basi."

"Muntu asiyejieleza anaonekana mwizi," akajibu.

"Shemeji, leo hakuna mahari!" nikamufokea. Mi ni jirani yake Zainabu, nilikuwa na haki ya kumufokea.

Basoda balitutenga, banaume huku, bamama kule.

"Unaenda wapi?" soda mumoja akamuuliza Alphonse.

"Baraka."

Nikasema alhamdulillahi. Kumbe mapema! Mjinga yule akavuta pumzi, akaendelea: "Mi ni Alphonse, mutoto wa Henri, na mujomba wangu ni Élie mwenye mashamba ya mihogo kule mulimani, na batoto yake..."

"Batoto yake beko wapi?"

"Bangali kule mulimani."

Kila muntu alijua kijana aliyebaki mulimani alibeba bunduki kupigana na basoda. Alphonse mwenyewe alijua, ila ulimi ulishamutangulia. Balimuvua shati, bakamufunga nayo mikono.

"Bibi yake iko wapi?" mukubwa wao akauliza. "Jamaa yote itabaki naye."

Tukaangalia chini. Alitembea mbele yetu, akasimama kwa Dorothée.

"Unamujua yule?" akamuonyesha Alphonse.

"Simujui."

Akamugeukia Alphonse. "Huyu ni wako?"

Ningeweza, ningemujaza kitenge mdomoni. Alphonse alimuangalia bibi yake.

"Hapana."

Mutoto akanyoosha mikono. "Papa!"

"Anaita kila mwanaume hivyo," Dorothée akasema. "Baba yake alikufa."

Soda akacheka, akainua kamba, bamama tukapita. Hatukufika mbali risasi ikalia nyuma, kule alikobaki Alphonse. Vanessa alikuwa bado anaita, papa, papa, na basoda bengine balikuwa bamekaa mbele kando ya njia. Dorothée alimuleta kifuani, akamuziba mdomo na kiganja, akatembea macho mbele. Nilimuita, hakusikia. Miguu ya mutoto ilipolegea ndipo nilimurukia, nikabandua vile vidole vya mama yake kimoja kimoja.