Ufito wa Kinanda

Kama kuna kitu Ndimu alikichukia kuliko mbao yenye fundo, ni mtu kuimba asubuhi. Na Mungu, ambaye haishiwi utani, alimpa shemeji anayeimba tangu anapofungua kufuli la karakana mpaka anapolifunga, hata akiwa na misumari mdomoni. Ndiyo maana wateja walimwita Kinanda. Jina la Ndimu halihitaji maelezo. Ungemtazama usoni mara moja tu, mate yangekujaa mdomoni.

Walikuwa maseremala wawili, karakana moja, na kilichowaunganisha hakikuwa mbao. Kinanda alimwoa mdogo wake Ndimu, kitinda mimba wa kwao, mwanamke mcheshi mwenye tabia moja mbaya: kutafuna. Utotoni alitafuna penseli, kola za magauni, hata mguu wa kiti cha baba yao, na Ndimu akachapwa kwa kushindwa kumtega panya ambaye hakuwepo.

Sasa mdogo huyo alikuwa kaburini. Siku ya mazishi Kinanda alilia mpaka akashikwa mabega na wanaume, na Ndimu, aliyekuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, aliridhika. Lakini udongo wa kaburi haujakauka vizuri, nyimbo zikarudi karakanani.

"Shemeji, watu wakifiwa hunyamaza," Ndimu alimwambia.

"Mbona nanyamaza? Nikilala."

Jibu hilo lilimkwama Ndimu kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anacheka namna hii, mkewe yuko chini? Ama hakumpenda, ama anaigiza. Na kama hakumpenda, Ndimu hakuwa tayari kukaa naye chini ya bati moja. Fundi madirisha wa mtaa wa pili alikwisha mtengea nafasi ya meza ya kazi kwake. Kilichobaki ni kuupata ukweli, na Ndimu hakujua njia ya kuupata ila moja: kumchokoza mtu mpaka ganda lipasuke.

Akaanza na gundi. Aliipaka kwenye kigoda cha Kinanda, akajifanya ananoa patasi. Kinanda akakaa, akafanya kazi, kisha akainuka, na kigoda kikainuka naye. Akazunguka nacho karakana nzima.

"Shemeji, umekiona kigoda changu?"

"Sijakiona," Ndimu alisema, uso mkavu.

Kinanda alipokigundua alicheka mpaka miguu ikamlegea, akakaa. Kigoda kilikuwa tayari.

Akamfichia penseli, Kinanda akaandika kwa mkaa. Akamtilia chumvi kwenye chai. Kinanda akaimaliza, akasema leo chai imeokoka. Ndimu akaona huyu hafai kutegwa kwa mitego midogo.

Ndipo likaja agizo la kanisa: mabenchi mapya ya wazee, yale ya mbele. Kinanda hakuwa mtu wa futi ya chuma. Alikuwa na ufito, kijiti kirefu kama mguu wa benchi, ambacho mkewe alikuwa akimshikia alipokuja kukaa naye mchana. Kila mguu wa benchi uliotoka mikononi mwake ulipimwa kwa ufito huo, na aliuamini kuliko macho yake.

Kinanda alipotoka kwenda kunywa chai, Ndimu akauvuta ufito, jicho mlangoni, msumeno mkononi. Akakata ncha, urefu wa kiganja hivi. Akapaka vumbi pale palipokatwa, kipande akakitumbukiza mfukoni mwa koti bila kukiangalia. Koti lenyewe ndilo hilo hilo la kazini, la misibani na la kila penye ulazima.

Alitegemea mwenzake angegundua mapema na kufoka. Wapi! Kinanda alikata miguu yote kwa mkupuo, akayaunga mabenchi yakiwa yamepinduliwa juu ya meza, akayapakia mkokotenini miguu juu, huku akiimba. Jioni ya Jumamosi wafagiaji wakayapokea mlangoni mwa kanisa. Ndimu akabaki akijikuna kichwa. Mtego wa panya huo, sasa ungewanasa wasiohusika.

Kesho yake akaenda ibadani. Hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi, na hata sasa hakufuata neno, alifuata sinema. Shemeji yake atatahayari mbele ya kanisa zima, na hapo ndipo moyo wake utakapojulikana ulivyo.

Wazee wakaingia kwa mwendo wa heshima. Wa kwanza kukaa alikuwa Mama Mkubwa, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke wa mwili na wa sauti. Alijishusha pale alipozoea kulikuta benchi. Halikuwepo. Akaendelea kushuka.

"Jamani!" alipiga ukelele. "Naenda wapi?"

Akatua kwa kishindo, magoti usawa wa kidevu. Wenzake nao wakatua mmoja baada ya mwingine, wakajipanga pale mbele kama vyura ukingoni mwa bwawa. Mzee wa zamu akageuza shingo kwa taabu.

"Fundi, tuliagiza mabenchi au mikeka?"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Mchungaji mwenyewe alijificha nyuma ya mimbari, mabega yakimtikisika, kisha akaibuka na kusema leo watu watanyenyekea, watake wasitake.

Kinanda alikuja mbele, mkononi ule ufito asioachana nao hata kanisani. Akapiga magoti, akaupima mguu wa benchi. Sawasawa. Akaupima mwingine. Sawasawa. Akaugeuza ufito, akaitazama ncha, akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaketi sakafuni na kulia. Hakulia kwa aibu. Alilia kama alivyolia siku ya mazishi, na kicheko cha kanisa kikakatika kama redio iliyochomolewa.

Ndimu alikuwa amepata alichokitafuta. Ajabu ni kwamba hakikuwa na ladha. Akaingiza mkono mfukoni, akakigusa kile kipande, na vidole vyake vikakutana na vishimo. Vishimo vidogo, vilivyopangana kwa mviringo. Hakuhitaji kukitoa. Meno yale alikwisha kuchapwa kwa ajili yake utotoni.

Akasimama. Njia ya kutoka nyuma hadi mbele haijawahi kuwa ndefu vile.

"Shemeji," alisema, akakinyoosha kile kipande. "Ni mimi."

Kinanda akakipokea, akakiunganisha na ufito. Ndimu akasubiri ngumi, na kwa kweli aliitamani.

"Kwa nini?"

"Nilitaka nikuone unalia. Nilidhani humkumbuki."

"Si ungeniuliza tu?" Kinanda akajifuta kwa mkono wa shati. "Nalia kila siku, shemeji. Unadhani randa yangu inapiga kelele vile kwa sababu ya mbao? Inanisitiri."

"Halafu unaimba?"

"Halafu naimba. Mara nyingine vyote kwa pamoja, ndiyo maana sauti inapotea." Akavuta pumzi. "Yesu naye alilia kaburini kwa rafiki yake, na hakuna aliyemwambia hana imani. Furaha hii hakunipa mdogo wako. Yeye alinivuta sikio tu, akanileta kwa mwenye nayo. Angekuwa ndiye mwenyewe, ningeizika naye. Lakini mwenyewe alikwisha ingia kaburini akatoka, sasa nani atamnyang'anya?"

Mabega yake yakaanza tena kutikisika. Ndimu akainamisha kichwa, akidhani kilio kimerudi, mpaka aliposikia kicheko.

"Nimekumbuka kigoda," Kinanda alisema, machozi yakimtiririka. "Ulivyoniambia hujakiona!"

Ndimu akajikaza. Akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa mlio wa mlango wa bawaba kavu, na nyuma yake yakafuata machozi ambayo siku ya mazishi aliyameza yote kwa kuwa alikuwa na kazi ya kumchunga mwenzake.

"Njoo ukae hapa, mharibifu wee!" Mama Mkubwa akamvuta koti. "Ujionee ulichotufanyia!"

Ndimu akashuka, akashuka, akatua. Magoti yakaja usoni, mikono ikakosa pa kwenda ila kukumbatiana. Mtu aliyekaa hivyo hawezi kujivuna, wala hawezi kuondoka upesi. Akaona heri aombe. Hakuwa na maneno ya kanisani, alisema tu, chini chini, "Bwana, hiyo aliyonayo shemeji, mimi pia naihitaji. Nimechoka kuwa mkali."

Jumatatu fundi madirisha alipita kuuliza kama meza bado inahitajika. Alimkuta Ndimu kapiga magoti, anaongeza vipande kwenye miguu ya mabenchi yaliyorudishwa karakanani, huku akitoa sauti isiyo na mwanzo wala mwisho. Ufito ulikuwa juu ya meza, ncha imerudishwa kwa gundi ile ile ya kigoda, vishimo vikionekana.

"Meza mpe mwingine," Ndimu alisema, akaendelea.

Kinanda akasimamisha randa, akatega sikio.

"Shemeji, unaimba au msumeno umekwama?"

"Naimba."

"Basi Bwana ni mvumilivu," Kinanda alisema, akalipokea pambio pale lilipovunjika.