Kitu Alichotuwekea Lynnette

Kisaidizi cha Nasreen kilipotea Jumanne asubuhi, siku ambayo Bi Asmaa alisema atakaa aangalie kazi yake.

Nasreen ni mjukuu wangu, tunaishi pamoja Mtongwe. Alikuwa kwenye majaribio na nyumba ya wageni moja ya Diani. Wageni wanauliza mambo yao mtandaoni, yeye anawajibu kwa Kiingereza, akiwa papa hapa sebuleni kwangu. Kiingereza anakijua. Tatizo lake ni ukavu. Ukimuuliza jambo hujibu kwa mkato, kama anayefunga mlango. Wiki iliyotangulia mgeni mmoja alikasirika, na Bi Asmaa, mwenye nyumba hiyo, akamwambia akikasirika wa pili atatafuta mtu mwingine.

Ndipo Nasreen akaweka kisaidizi cha kuandika. Kinakaa ndani ya brauza, ile programu ya kufungulia tovuti. Ukiandika, kialama cha zambarau kinatokea pembeni, mstari unapita chini ya neno kali, na hapo hapo unapewa jingine la upole. Mimi nilikipenda. Kilimkanya mtoto bila kumwaibisha.

"Kwenye barua pepe hakipo," alisema asubuhi hiyo. "Kwenye Facebook hakipo. Kwenye ukurasa wa kazi ndiko hakipo kabisa."

"Labda kimekuchoka. Hata mimi hukuchoka, mke mwenzangu."

"Bibi, leo usinitanie."

Nikaendelea kukanda unga wa mahamri.

Aliifunga brauza akaifungua. Alikitoa kisaidizi akakirudisha. Kwenye ukurasa wa wenyewe waliokitengeneza kilifanya kazi vizuri, naye angeweza kuandikia huko kisha anakili. Lakini mgeni wa gumzo la mtandaoni yuko upande wa pili anangoja, hana subira ya mtu anayehamisha maneno.

Akawaandikia watengenezaji. Aliyemjibu hatukumjua, ila alianza kwa kumpa pole, kisha akamwandikia hatua moja moja bila kumharakisha. Nasreen alinisomea. Asasishe brauza. Atoke kwenye akaunti aingie tena. Aangalie kama kisaidizi kimezimwa kwa tovuti zile. Ya mwisho, azime visaidizi vingine vyote vilivyomo kwenye brauza, kimoja kimoja, aone.

"Hiyo hainihusu," alisema. "Mimi ninacho hiki kimoja tu."

Akairuka. Zilizobaki alizifanya zote. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaswali, akarudi kitini. Kialama hakikuwepo.

Mahamri yakawa tayari. Kabatini kulikuwa na bakuli la jirani yetu Lynnette, alilotuletea na kunde. Lynnette ni mtu wa Kakamega, karani kwenye ofisi moja ya makontena. Alipohamia hapa alikuwa akinirudishia sahani zangu zimeoshwa, zinang'aa, na tupu. Siku moja nikamweleza polepole kwamba kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, hata chumvi kitie. Tangu hapo hajasahau. Mara ndimu, mara mayai mawili.

"Mpelekee mwenzio bakuli lake," nilimwambia Nasreen, nikilijaza mahamri. "Upate na hewa. Yeye hatuletei kitu kitupu, nasi tusimpelekee. Hata ile kompyuta yako Jumapili hakuirudisha tupu."

Nasreen akageuka. Jumapili alikuwa harusini mtaa wa Shika Adabu, akarudi Jumatatu usiku. Lynnette, aliyeiazima kompyuta kwa mambo ya kwaya yao, alinikabidhi mimi.

"Aliirudisha na nini, Bibi?"

"Kwa macho sikuona kitu. Alisema, 'Shosho, nimewawekea kakitu huko ndani, mwambie Nasreen.' Nikadhani ni wimbo wa kanisani, nikaona si wa haraka."

Nasreen aliirudia kompyuta. Alibonyeza pembeni, penye orodha ya visaidizi. Vilikuwa viwili.

Cha pili kilikuwa cha kuzuia matangazo. Lynnette aliona jinsi matangazo yalivyomrukia akiandika, akatuhurumia. Nacho kizuizi, kikiona kialama cha zambarau kimejitokeza juu ya ukurasa wa watu, kilikidhania tangazo, kikakifukuza.

Nasreen alikizima. Kialama kikarudi mahali pake.

"Sasa nakitoa kabisa," alisema.

"Ni zawadi hiyo."

"Bibi, karibu kinikoseshe kazi."

"Najua. Hakuna njia nyingine?"

Alifikiri kidogo. "Naweza kukiambia kisiguse tovuti za kazi. Kwengine kikae."

"Basi kikae."

Baada ya alasiri Bi Asmaa aliingia kwenye gumzo, akakaa akitazama. Akaja mgeni mwenye hasira. Maji ya moto hakuna, na chumba hakifanani na kile cha kwenye picha. Nasreen aliandika. Mstari ukatokea. Akafuta, akaandika tena, safari hii polepole. Mgeni akajibu, akajibiwa, mwisho akashukuru na kuuliza saa za chai ya asubuhi.

Bi Asmaa aliandika mara moja tu: majaribio yamekwisha, Jumatatu waongee mkataba.

Nasreen alinisomea, kisha akaenda kunawa uso. Alikaa huko kitambo.

Jioni Lynnette alipiga hodi, bado na nguo za kazini.

"Shikamoo shosho. Nasreen, ile kitu niliwawekea inafanya poa ama?"

Nilimtazama mjukuu wangu. Naujua ukavu wake.

"Inafanya," Nasreen alisema. "Matangazo yote yamekimbia. Ahsante sana, dada."

"Si nilijua tu? Next time nitawawekea ingine."

"Siku nyingine," Nasreen alisema, akimpa bakuli la mahamri, "tuwekee ndizi."

Lynnette alicheka, akalipokea kwa mikono miwili.