Bi Mdogo wa Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kugusa uji, Melkiadi alichovya kidole katika tangi la kioo lililokaa dirishani, akakilamba, akafumba macho kama padri anayeonja divai mpya. Imakulata, mkewe, alimtazama kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

“Umeshamsalimia Bi Mdogo?”

“Nimemsalimia, Mama Vestina.”

“Na Bi Mkubwa je?”

“Bi Mkubwa hanuni.”

“Nani kakwambia?”

Walicheka wote wawili, ila kicheko cha Imakulata, kama samaki mtamu, kilikuwa na mwiba ndani yake.

Bi Mdogo alikuwa tumbawe: kitu kigumu chenye ukubwa wa boga changa, kilichojikunja mikunjo mikunjo, rangi yake kati ya kahawia na kijani. Kwa jicho la haraka ungesema jiwe, na Melkiadi alikuwa mkali kwa waliosema hivyo. Hilo, alieleza, ni kundi la viumbe hai, kila kimoja na kinywa chake kinachofunguka kikiwa na afya, na wote hujenga nyumba ya mawe chini ya nyayo zao wenyewe. Ndiyo maana kila siku aliwatilia kijiko cha maji ya chokaa yaliyotuama, wapate cha kujengea. Wageni waliitikia kwa adabu, kisha wakaenda kuchekea nje.

Kutoka Mpanda hadi baharini ni siku tatu kwa treni, tena treni ikiwa imeamka vizuri. Melkiadi alikuwa ameishi huko kwenye maji chumvi, Tanga, miaka kumi na minane, akiosha vioo na kulisha samaki katika kituo cha utafiti. Wanaume wengine hurudi nyumbani na cherehani au redio. Yeye, mwaka tisini na tano, alishuka stesheni na ndoo, akiipulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Imakulata alikuwa amesimama pale na kitenge kipya, moyo ukimdunda kama wa mwari. Neno la kwanza aliloambiwa na mumewe lilikuwa: “Shika hapa. Taratibu.”

Miaka hiyo kumi na minane Imakulata alikuwa amelima mpunga Usevya, amemzika mama mkwe, amemwoza Vestina. Kutoka Tanga alikuwa amepata barua tu. Kile kilichokuwa ndani ya ndoo kilimjua mumewe kuliko yeye, na hilo ndilo lililomchoma, ingawa angeulizwa angesema kinachomkera ni nafasi inayoliwa na tangi.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, mvua ziliponyesha kana kwamba mbingu zimetoboka, Melkiadi alikwenda Tabora kupasuliwa jicho la kushoto. La kulia lilikuwa limeshazimika zamani. Alimwachia mkewe maelekezo kama anayeacha kichanga. Betri ya kupuliza hewa ipelekwe kwenye mashine ya kusaga kuchajiwa. Chokaa kijiko kimoja. Maji yakipungua, aongeze maji ya mvua, matupu.

“Nisimwimbie na wimbo?”

“Ukipenda. Ila usimwambie umbea, ana vinywa vingi.”

Aliondoka kwa wiki mbili. Wiki ya pili mafuriko yakaikata reli. Treni haikuja, wala dumu la maji ya bahari ambalo makondakta rafiki zake walikuwa wakimletea kila mwezi. Mawingu yalikaa juu ya mji siku baada ya siku, na Imakulata, aliyekuwa akipita mbele ya tangi bila kugeuza shingo, alianza kusimama. Tumbawe lilikuwa linafifia. Kijani chake kilikuwa kimechujuka kama kanga iliyoanikwa sana.

Alimwita jirani yake Nyanzala, Msukuma aliyekulia nyuma ya mikia ya ng’ombe, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Nyanzala aliinama, mikono magotini, akalichunguza tumbawe kama ndama mgonjwa.

“Mnamlisha nini?”

“Maji ya mvua.”

“Matupu?” Nyanzala alipiga kofi pajani. “Mayu, mama wee, huyu si wa maji chumvi? Wiki nne matupu tu! Ng’ombe wangu wakinyong’onyea hivi nawapa chumvi ya kulamba, kesho yake wanarusha mateke.”

Maneno yale yaliingia yakakaa. Imakulata alikumbuka maelekezo, lakini aliona pia kitu kinachodhoofika mbele ya macho yake, na kwa mara ya kwanza alikionea huruma. Huruma ndiyo iliyomponza. Alikoroga chumvi ya Uvinza, ileile wanayolambishwa ng’ombe, akaimimina vikombe viwili, na kesho yake viwili tena.

Siku ya tatu tumbawe lilikuwa limejifunga lote. Upande wa dirishani lilitoa ute, na chini ya ute kulikuwa na weupe wa mfupa.

Alirudi jikoni kwa kuwa hakujua pa kwenda, akaketi na Nyanzala kula maharage aliyokuwa ameyainjika tangu asubuhi. Nyanzala alionja, akatoa ulimi.

“We mama! Leo umetupikia sisi au umemhifadhi samaki?”

“Nilitia chumvi kidogo tu. Ila yamechemka mpaka maji yame…”

Kijiko kikabaki hewani. Maji yalikuwa yamepaa. Chumvi haikwenda popote, na ya tangini vilevile.

Wala hakumaliza kula. Chini ya dumu la mwisho kulikuwa kumebaki maji ya Tanga yasiyojaza bakuli. Akachovya kidole humo, akalamba. Akachovya kwenye tangi, akalamba, akakunja uso. Hapo ndipo alipomwelewa mwanamume aliyekuwa akifumba macho kila asubuhi. Hakuwa akisalimia mtu. Alikuwa akipima, na hakuwa na kipimo kingine isipokuwa kumbukumbu ya ulimi wake.

Alichota maji ya tangi kikombe, akayamwaga, akatia ya mvua kikombe, kisha akasubiri nusu siku. Aliwahi kumuuguza Vestina baada ya kuhara, alijua mwili uliotikiswa hautaki haraka. Siku sita alifanya hivyo, akisuuza kinywa, akionja bakuli, akionja tangi, hadi ulimi wake ukashindwa kutenganisha. Siku ya saba jua lilitoka. Weupe ulibaki pale pale, lakini haukusogea tena.

Melkiadi alirudi kwa lori mwezi wa nne, kitambaa kimefunika jicho. Daktari alikuwa amesema lisifunguliwe kwanza, na hakuwa ameahidi kitu. Imakulata alimshika mkono toka barabarani. Alimkalisha. Melkiadi hakuuliza chai.

“Bi Mdogo amefunguka?”

Imakulata alitazama tangi, kisha akatazama kile kitambaa. Angeweza kusema lolote. Neno “ndiyo” lilikuwa limeshafika midomoni, jepesi kama pamba.

“Upande wa dirishani umekufa,” alisema. “Nimeuua mimi. Alififia, nikamtilia chumvi.”

Melkiadi aligeuzia uso upande wa tangi.

“Chumvi gani?”

“Ya Uvinza.”

“Ya ng’ombe?”

“Ya ng’ombe.”

Mabega ya Melkiadi yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, kisha, bila mabega kubadilika, hakuwa anacheka tena. Imakulata alisimama akisubiri. Hakukimbilia jikoni.

“Kumbe alitaka jua tu,” alisema Melkiadi hatimaye. “Masika hufifia. Ningekwambia.” Akajifuta shavu. “Vuta kigoda. Nioneshe. Anzia palipokufa.”

Alivuta kigoda, akashika kidole cha mumewe, akakiweka juu ya kioo, akakitembeza polepole kufuata ukingo wa ule weupe.

“Ni pakubwa,” alisema Melkiadi.

“Ndiyo.”

“Pakubwa kuliko nilivyodhani. Endelea.”

Kidole kikavuka mpaka. Alimweleza rangi, si kijani kamili, kama jani la muhogo lililoanza kunyauka. Mkunjo mmoja, mkunjo wa pili. Kisha Imakulata akasita, akausogeza uso karibu mpaka kioo kikaota ukungu wa pumzi yake.

“Kuna nini?” aliuliza Melkiadi. “Mama Vestina, kuna nini hapo?”

“Kuna kinywa kinafunguka,” alinong’ona. “Subiri. Usitikise meza.”