Glavu Mbili za Swalehe

Glavu mbili zilikuwa zimelala juu ya turubai la Swalehe katika soko la Newala, zimebanwa kati ya rundo la sidiria na makoti mazito ambayo sijui ni kichaa gani angeyavaa huku kwetu mwezi wa kumi. Moja ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, nzima, ngozi yake laini. Nyingine ilikuwa imechakaa, nyuzi zimechomoka kwenye kidole gumba. Swalehe mwenyewe hakujua anauza nini. Kwanza aliniambia ni za kurinia asali, na nilipomkazia macho akabadili kauli, zikawa za kuepulia masufuria hotelini.

"Ni za kudakia mpira," nikamwambia.

"Basi ndizo hizo," akasema bila kuona haya.

Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoifungulia biashara milango. Kila kitu kilipanda mlima kuja kwetu ndani ya marobota, na sisi tukapanga foleni kuyafungua. Kiwanda cha korosho kilikuwa kimefungwa. Dada yangu Yuliana, aliyekuwa mbanguaji pale, akawa anabangulia nyumbani Chilangala, akichoma korosho juu ya kipande cha bati na kuzigonga kwa jiwe, mafuta ya ganda yakimla vidole. Ruksa ilituletea makoti, ikaondoka na kazi. Lakini nisiisingizie ruksa kosa lililo langu.

Sokoni nilikuwa na Dorika, binti wa Yuliana, aliyekuwa anamaliza darasa la saba. Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, na mjomba ndiye mimi, Optatus. Mwalimu wake, Magdalena, alikuwa amewafundisha wasichana softiboli, mchezo aliojifunza chuoni kutoka kwa wageni, akagundua kwamba Dorika anarusha mpira kuliko mtoto yeyote aliyewahi kumwona. Mkono ulizunguka kama wa mtu anayezungusha ndoo ya maji bila kumwaga tone, kisha mpira ukachomoka kwa chini, ukafika kabla mpigaji hajainua kigongo. Masista wenye shule ya sekondari huko Masasi walikuwa wanatafuta mrushaji mmoja wa timu yao, na atakayechaguliwa angesoma bure miaka minne. Sharti lilikuwa kila mtoto aje na glavu yake, maana mpira wao ulikuwa mgumu. Kwa Dorika hapakuwa na njia nyingine ya kwenda sekondari. Ilikuwa hiyo, au kukaa kwenye moshi wa korosho pamoja na mama yake.

"Mkono unaorusha unabaki wazi," mwalimu alikuwa ameniambia. "Glavu inakaa mkono wa pili."

Dorika akainama, akaichukua ile iliyochakaa, akaivaa mkono wa kulia. Ikamkaa sawasawa. Akafumba na kufumbua vidole, akatabasamu peke yake.

Nilijua maana yake. Nisijitie upofu hapa. Dorika alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, na alipokuwa mdogo marehemu mama yangu aliufunga mkono ule kwa kipande cha kanga, miezi kwa miezi, hadi mtoto akajua kula na kupokea kwa kulia kama watu. Tulidhani yamekwisha. Kumbe aliuhifadhi kwa ajili ya uwanjani, mbali na macho yetu.

"Vua," nikasema.

"Mjomba, hii ndiyo inayonifaa."

"Utasimama Masasi, mbele ya mapadri na wakubwa wa wilaya, uwarushie watu mpira kwa mkono wa kushoto? Watasema umelelewa na nani?"

Akaivua, akairudisha taratibu mahali pake. Nikachukua ile nzima, ya kuvaliwa kushoto, nikamvisha mwenyewe. Nilijiambia kwamba ile nyingine imechanika, na mtoto wa dada yangu haendi kwa watu na mabaki. Nilijiambia pia kwamba mkono uliojifunza kula utajifunza kurusha, na tulikuwa na wiki tatu nzima. Binadamu akitaka kukosea hakosi sababu.

Nyumbani Yuliana aliigeuza glavu huku na huku kwa vidole vyake vyeusi.

"Kaka, mtoto anaujua mkono wake," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeshasema, Mama Dorika."

"Haya. Umeshasema." Akarudi kwenye bati lake. Juu ya mtoto, kwetu, dada hashindani na kaka.

Kila jioni Dorika alirusha kwa mkono wa kulia akilenga shina la mkorosho, nami nimesimama nyuma yake kama msimamizi wa barabara. Mpira ulimwangukia miguuni, au ukapotelea kwenye mihogo. "Mkono utazoea tu," nilimwambia, "polepole ndio mwendo." Hakulalamika hata siku moja, alikwenda kuutafuta, akarudi, akarusha tena. Wiki ya pili ilipoisha mpira ulikuwa bado haulifikii shina. Siku nne kabla ya Masasi nilipanda baiskeli kimyakimya nikaenda Newala kuitafuta ile glavu iliyochakaa.

Swalehe alinionyesha kwa kidevu fundi viatu aliyekaa jirani naye. Fundi alikuwa ameshaikata vipande, na kimoja kilikuwa tayari ni kiraka kwenye sandali ya mtu.

"Ngozi nzuri sana hii," akaniambia. "Unayo nyingine?"

Nikarudi Chilangala nisiseme kitu. Ningeweza kumwambia mtoto arushe kwa kushoto, glavu aivae hata kinyume, adake kama atakavyojaliwa. Lakini hapo ningekuwa nimekiri, na mimi niliogopa kukiri kuliko nilivyoogopa kosa lenyewe. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko akili yangu.

Masasi walikuja wasichana sita. Uwanja ulikuwa wa vumbi, wakubwa wamewekewa viti kivulini, sisi wazazi tukakaa kwenye mabenchi. Pembeni yangu aliketi katekista mmoja, mzee wa heshima zake, aliyekuwa ananisifu kwa utulivu wa Dorika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akasema, nami nikaipokea sifa hiyo kwa mikono miwili.

Kila mmoja alipewa mipira mitano. Wa kwanza wa Dorika ulidunda nusu ya njia. Wa pili ukaruka uzio, watu wakacheka, si kwa ubaya. Wa tatu ulifika umechoka, mpigaji akauchapa ukaenda zake. Mwalimu Magdalena, aliyesimama kando ya mstari, akamwita kwa sauti niliyoisikia vizuri.

"Dorika. Mkono wako."

Mtoto akasimama na mpira. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi, moja kwa moja, katikati ya watu wote wale, akangoja. Ningeitikia kwa kichwa tu, ingetosha. Mipira miwili ya mkono ule ingewanyanyua masista vitini. Lakini bega la katekista lilikuwa linagusa langu. Nikainama, nikatazama viatu vyangu.

Nilipoinua macho, mipira ilikuwa imekwisha.

Alichaguliwa msichana mwembamba wa Mkunya. Alirusha vizuri, sina neno naye. Dorika alimfuata, akampa mkono, wa kulia, akamtakia masomo mema. Ndani ya lori la kurudi hakulia wala hakununa. Tuliposhuka njia panda ya kwao alisema, "Asante kwa kunisindikiza, mjomba," akatangulia na kijia.

Msimu wa korosho uliofuata nilifika kwao asubuhi. Yuliana alikuwa ameteremka bondeni kutafuta maji, na Dorika alikaa peke yake mbele ya bati, akigonga korosho kwa mkono wa kulia, kwa shida, kama mgeni wa kazi. Jiwe likateleza, likampata kidole. Akakipaka jivu, akaokota jiwe.

"Dorika, mwanangu," nikasema. "Tuko wawili tu hapa. Tumia ule mkono wako. Mimi nilikosea. Nilikosea toka sokoni."

Miezi yote ile nilikuwa nimeyabeba maneno hayo. Aliutazama mkono wa kushoto uliolala mapajani mwake, akaufumba na kuufumbua.

"Nilijaribu kurusha nao, mjomba, tuliporudi kutoka Masasi," akasema. "Haufikishi tena. Hata kokoto."

Hakusema kwa hasira. Nilingoja hasira hiyo, ningeipokea nikashukuru. Akasogeza bati pembeni, akanipa kigoda, akaniuliza kama nimekula.