Idwal Pugh na Milango Miwili

Siku ile mjinga alikuwa Idwal Pugh mwenyewe, wala hakubisha. Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1936, saa kumi alasiri. Kengele ya kura ililia Bungeni wabunge wakiwa bado na vikombe vya chai mkononi. Wa "Ndiyo" walipita mlango wa kulia, wa "Hapana" mlango wa kushoto, wakihesabiwa kama kondoo wanaoingia zizini. Kwa miaka kumi na miwili, tangu wachimba makaa ya mawe wa Cwm Brith, huko Wales, wamtoe shimoni na kumpeleka London kuwa mbunge wao, Idwal alikuwa akifuata upara wa Tudor, mwenzake wa chama. Siku ile alifuata upara wa mtu mwingine.

Muswada wenyewe ulikuwa wake: makaa yarushiwe maji yanapochimbwa, vumbi lisiendelee kuua watu. Alipozinduka alikuwa miongoni mwa wa "Hapana", mlango umeshafungwa. Akahesabiwa. Wakati huohuo akahesabiwa upande wa "Ndiyo" pia. Makarani waliandika jina lake mara mbili, kwa kuwa kanuni hazikukataza. Muswada ulianguka kwa kura moja.

Jioni hiyo akina Idwal wawili walipanda treni kurudi Wales. Kondakta alikagua tiketi moja, akaridhika. Idwal alikumbuka milango yote miwili, hivyo hakujua yeye ni yupi. Alitazama pengo la vidole vyake viwili vilivyokatwa mgodini. Mwenzake naye alikuwa akitazama la kwake. Mkewe, Olwen, aliandaa sahani mbili.

"Anayekoroma akalale kwenye kochi," alisema.

Wakaenda wote.

Jumamosi waliketi kwenye ukumbi wa kanisa kusikiliza watu. Wa kwanza alikuwa Mama Probert, mjane. Vumbi lilimmaliza mumewe, na sasa mwanawe Gwilym, aliyekuwa akichimba bado, alikuwa anatema makohozi meusi.

"Bwana Pugh, uliniahidi hapahapa."

"Mimi nilipiga Ndiyo, mama," alisema Idwal. "Muulize huyu."

"Huyu nani?" alisema Idwal. "Ndiyo niliipiga mimi. Wewe ndiye uliyefuata upara."

"Upara nimeufuata lini?"

"Jana, bwana. Umesahau?"

Walivutana hivyo mpaka foleni nzima ikakaa chini. Mama Probert alijifunga kitambaa chake vizuri.

"Basi afadhali mko wawili," alisema. "Mmoja arudi London akaendelee kubishana. Mwingine, Jumatatu alfajiri, ashuke shimoni badala ya Gwilym. Haya, nani anashuka?"